Vile Vyombo Nilivyokupa, Viuze: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema nyumba imejaa hadi mlango wa chumba cha wageni haufunguki wote, na umeamua kuuza mtandaoni vile usivyovitumia. Umeniuliza uanzie wapi, upange bei vipi, na uwakwepe vipi matapeli. Halafu chini kabisa, kama mtu anayepita haraka, ukauliza kama nitajisikia vibaya ukiuza meza ya kioo na vile vyombo nilivyokupa ulipohama. Nianze na hilo la mwisho, maana nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Viuze. Nilikupa ili usianze maisha mikono mitupu, na kazi hiyo vimeshaifanya. Zawadi ikishapokelewa ni mali ya aliyepewa, na sitaingia kwako hata siku moja nikahesabu sahani. Kama kuna kimoja unachokipenda kweli, kibakize kwa sababu unakipenda wewe, si kwa ajili yangu. Nina ombi moja tu: kabla hujakitangaza chochote, muulize mdogo wako kama anakihitaji. Akikitaka, mpe. Usimuuzie.

Sasa tuje kwenye uuzaji wenyewe. Watu wengi wanashindwa mapema kabisa kwa kutoamua wanatafuta nini, nafasi au fedha. Wewe umeandika nafasi, basi shikilia hapo hapo, maana jibu hilo ndilo litakaloamua kila kitu mbele ya safari. Anayetafuta fedha anaweza kukaa na kochi miezi sita akimsubiri mteja wa bei anayoitaka. Wewe kila mwezi kochi hilo likikaa, linakula chumba unachokilipia. Kwa hiyo kila kitu kipe tarehe. Kisipouzika hadi siku hiyo, shusha bei. Ikipita tarehe ya pili, kigawe. Ziandike tarehe hizo kwenye simu kabla hujaweka tangazo, wakati kichwa kimetulia, kwa sababu mnunuzi wa kwanza akishaonekana kichwa hakitulii tena.

Usimwage nyumba nzima sakafuni siku moja. Chukua kona moja, uimalize, ndipo uende nyingine. Anza na vile ambavyo watu huvitafuta kila siku: vyombo vya umeme vinavyofanya kazi, vitu vya watoto walivyovipita kwa umri, baiskeli, meza na viti vya mbao imara, vifaa vya mazoezi. Nguo moja moja zitakuchosha bure. Zifunge mafungu kwa saizi, mfano suruali tano za mtoto wa miaka minne, uziuze kwa pamoja. Vitabu navyo ni hivyo hivyo, isipokuwa vya masomo. Hivyo tangaza kimoja kimoja, tena wiki chache kabla ya muhula kuanza, si baada yake.

Bei ndipo penye kazi kubwa, na si kwa sababu hesabu yake ni ngumu. Mwaka 1990, watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi na vikombe vya kawaida. Baadhi ya wanafunzi walipewa kikombe kiwe chao, wengine hawakupewa, kisha wote wakaulizwa thamani yake. Waliokuwa na kikombe walitaka karibu mara mbili ya kiasi ambacho wasiokuwa nacho walikuwa tayari kukilipa. Kikombe ni kile kile, na walikuwa wamekimiliki kwa muda mfupi tu. Sasa fikiria meza uliyolia chakula miaka minane. Bei iliyomo kichwani mwako ina kumbukumbu ndani yake, na mnunuzi hanunui kumbukumbu zako.

Kwa hiyo usijiulize kitu kina thamani gani, uliza soko. Tafuta vitu kama chako kwenye mtandao huo huo unaotaka kuuzia, vya aina ile ile na umri ule ule. Uwe macho hapa: bei unazoziona kwenye matangazo ni bei wanazoziomba watu, na mengi ya matangazo hayo yako pale kwa sababu hayajauzika. Kama mtandao unaonyesha vilivyokwisha kuuzwa, kama mtandao wa mauzo wa eBay unavyofanya, tazama hivyo. Kama hauonyeshi, angalia matangazo yanayotoweka baada ya siku mbili tatu, hayo ndiyo yenye bei ya kweli. Kisha jiwekee bei mbili, ya kutangaza na ya mwisho kabisa, zipishane kidogo tu ili mtu apate pa kuombea. Swali la kwanza litakuwa "Mwisho ngapi?" kabla hata ya salamu. Usijibu kwa bei yako ya mwisho. Mwambie aje akione kwanza, mtaelewana kikiwa mbele yake. Mtu aliyekuja hadi mlangoni ana nia, na aliye kwenye simu huenda anawauliza wauzaji kumi kwa mpigo.

Kiasi ulichonunulia kisahau. Fedha hiyo ilitoka siku ile ile uliyonunua, na kukaa na kitu ndani hakutairudisha.

Tangazo liandike kama unamjibu mtu ambaye hayupo mbele yako. Kichwa cha habari kitaje kitu, kampuni iliyokitengeneza, ukubwa na hali yake. "Kabati zuri sana" hakuna anayelitafuta, watu huandika "kabati la nguo milango mitatu". Pima urefu, upana na kina kwa futi ya kupimia, uandike vipimo vyote. Watu huuliza kwanza kama kitapita mlangoni, na jibu likiwa kwenye tangazo unaokoa ujumbe mwingi. Piga picha mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa flashi, baada ya kukisafisha na kuondoa vilivyorundikwa nyuma yake. Piga mbele, ubavuni, ndani, na kibandiko chenye namba ya modeli. Cha umeme kipige kikiwa kimewaka.

Halafu piga picha ya ubovu. Mkwaruzo, mguu uliolegea, doa kwenye kitambaa, yote yaonekane na yaandikwe. Najua moyo unakataa. Lakini mnunuzi atauona ukweli huo akifika, na akiuona hapo ataomba upunguze mara mbili ya ubovu wenyewe, au ataondoka na siku yenu wote wawili imeharibika. Pierre Omidyar alipoanzisha mwaka 1995 mnada wa mtandaoni ambao baadaye uliitwa eBay, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, tena ilitangazwa hivyo hivyo kuwa mbovu. Ilipata mtu kwa dola zisizofika 15. Omidyar akamwandikia mnunuzi kuhakikisha kama ameelewa kwamba haifanyi kazi, naye akajibu kuwa anazikusanya zilizoharibika. Ukisema wazi kwamba blenda haizunguki, atakayekupigia ni fundi anayetafuta vipuri, na huyo hatakurudia na malalamiko.

Kuhusu matapeli, sura zao hubadilika lakini mbinu ni chache. Yupo anayekubali bei yako bila hata kuuliza kitu kikoje, anasema yuko safarini, atamtuma mtu. Kisha unapata ujumbe wa malipo unaofanana kabisa na wa benki au wa kampuni ya simu. Usiuamini ujumbe huo. Fungua akaunti yako mwenyewe, uangalie salio, na kama fedha hazimo, kitu hakitoki ndani. Yupo anayedai "amekosea" akalipa zaidi, anaomba umrudishie kilichozidi haraka. Malipo yake ya kwanza ni ya uongo au yatabatilishwa baadaye, na ulichomrudishia ni fedha zako halisi. Yupo anayetaka umtajie namba zilizoingia kwenye simu yako, eti athibitishe kwamba wewe ni mtu wa kweli. Namba hizo ni funguo za akaunti yako, hakuna mnunuzi duniani anayezihitaji. Na yupo anayekutumia kiungo "cha kupokea malipo" kinachokuomba namba ya kadi na namba ya siri. Wa kupokea hatoi namba ya siri. Wote hawa wana haraka, kwa hiyo ukiona unaharakishwa, simama. Mteja wa kweli akisubirishwa dakika kumi uangalie salio hakasiriki.

Kukutana na mnunuzi, chagua mahali penye watu, mchana, na mtu mwingine awe nawe. Kitu kikubwa kisichobebeka, kiweke karibu na mlango au kibarazani kabla hajafika, ili mgeni asizunguke vyumbani. Kwenye picha pia usionyeshe zaidi ya kitu chenyewe: funguo ukutani, barua yenye anwani, uso wa mtoto. Picha za simu zinaweza kubeba ndani yake mahali zilipopigwa, kwa hiyo zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla hujaanza kupiga.

Simu zako mbili za zamani na ile kompyuta zisitoke kabla hujazisafisha. Nakili kwanza unavyovitaka. Kisha ondoa akaunti zako: kwenye iPhone zima huduma ya kuitafuta simu na utoke kwenye iCloud, kwenye Android ondoa akaunti ya Google. Baada ya hapo ndipo uirudishe kwenye hali ya kiwandani. Ukiruka hatua ya akaunti, mnunuzi atakuta simu imefungwa inadai nywila yako, na atakuwa na haki ya kukuona mwizi. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Kama risiti bado unayo, iambatanishe. Yenye betri iliyovimba usiiuze wala usiitupe kwenye taka za kawaida, betri hizo hushika moto. Ipeleke panapopokelewa taka za umeme.

Yapo mengine ambayo nakuomba usiyauze hata ukipata mteja. Kiti cha mtoto cha kwenye gari kilichokuwa ndani wakati wa ajali, hata kama hakionyeshi ufa. Vile vile kofia ya baiskeli iliyowahi kupigwa. Viti hivyo vingi vina tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapwa kwenye plastiki, igeuze uisome. Kitanda cha mtoto chenye ubavu wa kushuka nacho kivunje. Marekani ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2011, vipya na vilivyotumika, baada ya watoto wachanga kubanwa na kukosa hewa. Godoro lenye kunguni halina bei. Mtu anayenunua kilichotumika mara nyingi anabana fedha kwa ajili ya watoto wake, na sipendi mkono wako uhusike na madhara yao.

Friji, kwa kuwa umeitaja: izime siku moja kabla haijachukuliwa, ikaushe na uache mlango wazi kidogo. Mwambie anayeichukua aisafirishe ikiwa imesimama. Ikilazimika kulazwa, akifika aisimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Siku anayokuja kuiona, kabla hujaizima na kabla hajalipa, muoneshe inavyofanya kazi, na makochi afungue mito atazame ndani. Nani analipa usafiri, andika kwenye tangazo lenyewe.

Wengine watasema wanakuja na hawatakuja. Usimwekee mtu kitu kwa ahadi tupu. Mwambie kwa upole kwamba anayefika kwanza na fedha ndiye anayechukua, na uwe unaandika majina kwa zamu ya walivyouliza. Kikishatoka, ondoa tangazo siku hiyo hiyo.

Fedha utakazopata zitoe zisikae kwenye akaunti ya matumizi. Nakujua, mitandao hii hukuonyesha vya wengine wakati unauza vyako, na chumba kinaweza kujaa tena kabla ya miezi mitatu. Vitakavyobaki baada ya tarehe ya pili, tangaza kwenye mtandao huo huo kwamba unavitoa bure kwa atakayekuja kuchukua mwenyewe. Vitaondoka upesi.

Ila cha kwanza kabisa kiwe kabati la milango mitatu, maana ndilo linaloziba chumba. Ukishaandika tangazo lake, nitumie pamoja na picha kabla hujaliweka. Nitalisoma kama mnunuzi nisiyekujua, nikuulize yote ambayo hujayasema.

Nakupenda,
Mama yako