Jibu: Kwa nini Waingereza walimkasirikia Cummings kiasi kile?

Ndugu, unauliza kwa nini safari ya gari tu iliwachoma Waingereza mwaka 2020. Hasira haikuwa ya gari. Watu walikuwa wametii amri ya kubaki nyumbani wakati wa korona hata wakawaaga wazazi wao mahututi kwa simu, jambo zito mno. Kumbe Dominic Cummings, mshauri mkuu wa Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, alitoka London na mkewe mgonjwa hadi Durham, kaskazini mwa England, kilomita kama 400! Kisha akaenda mji wa Barnard Castle, eti kuhakikisha macho yanamruhusu kuendesha. Mei 25 akajieleza, hakuomba radhi. Mganga mkuu wa Scotland, Catherine Calderwood, alishajiuzulu Aprili kwa kwenda nyumba yake ya mapumziko. Lakini Cummings, Johnson alimkingia kifua, akabaki kazini hadi Novemba.