Kikundi cha tiba kinapobeza maumivu yako

Nilisimulia kikundini jinsi nilivyoachwa na mchumba wangu. Mwenzangu akadakia, "Afadhali wewe, mimi nimefiwa." Tangu siku hiyo sisemi kitu. Je, ninadeka?

Hudeki. Huenda naye hakukusudia kukubeza. Lake lilikuwa limemjaa. Aliyepaswa kuingilia kati ni mwezeshaji, na kama alinyamaza una haki ya kumuuliza kwa nini. Kikao kijacho eleza lililokupata wewe: "Niliposikia vile nilijiona sina haki ya kulia, nikafunga mdomo." Ukianza na "wewe ulini…", mtaishia kujibizana. Najua inatisha. Lakini yanayotokea baina ya wanakikundi ni sehemu ya tiba yenyewe, na mwezeshaji hawezi kurekebisha asichokijua. Ikikushinda mbele ya wote, mwombe mzungumze faragha kwanza.

Kila nikianza kueleza nilivyokuwa nikijiumiza, mwezeshaji hunikatisha na kurudi kwenye somo. Hanijali?

Uliza kwanza hicho ni kikundi cha aina gani. Katika DBT (Dialectical Behavior Therapy), tiba ya mazungumzo kwa watu wanaozidiwa na hisia kali, iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Marekani, kikundi huendeshwa kama darasa la stadi: kutawala hisia, kustahimili dhiki, kuishi na watu. Masimulizi ya kina huachiwa kikao cha mtu na mshauri wake, na habari za kujiumiza huzuiwa kikundini kwa kuwa zinaweza kuamsha hamu hiyo kwa wengine. Ajabu ni kwamba Linehan huyohuyo ndiye aliyefundisha jinsi mazingira yanayobeza hisia yanavyomdhuru mtu aliyezaliwa mwepesi wa kuumia. Basi kanuni haina kosa. Namna ya kukatisha ndiyo inayoweza kujeruhi. "Hilo ni zito, lipeleke kwa mshauri wako" si sawa na "Tuendelee."

Na kama hamu ya kujiumiza unayo sasa, mwambie mtaalamu leo hii. Usingoje kikao.

Nilisema bosi wangu ananichukia, mwezeshaji akauliza nimejuaje. Huko si kunibeza?

Hapana. Anaweza kuheshimu uchungu wako bila kuafiki tafsiri yako. Angesema "unakuza mambo", hapo ningekuwa upande wako.

Niondoke lini?

Ukishalisema waziwazi na mambo yakabaki yaleyale. Wakikucheka, wakitoa siri zako nje au wakikulazimisha kusimulia usichotaka, usisubiri hata hilo. Ila tafuta kwanza mtaalamu mwingine wa kukupokea.