Tutu haikuanza ikiwa fupi
Umeuliza kama tutu, ile sketi ya baleti, ilikuwa fupi tangu mwanzo. Wapi! Mchezaji Marie Taglioni alipocheza baleti ya La Sylphide mjini Paris mwaka 1832, alivaa sketi nyeupe ya kitambaa chepesi, imetanuka kama kengele na kushuka hadi chini ya magoti. Wenzake wakaiga.

Tatizo lilikuwa taa za gesi za jukwaani. Novemba 1862, katika mazoezi kwenye Opera ya Paris, sketi ya mchezaji Emma Livry ilishika moto akiwa nayo mwilini. Alifariki mwaka uliofuata. Na dawa ya kukinga kitambaa na moto ilikuwepo! Aliikataa kwa sababu ilikikakamaza na kukitia umanjano, na mimi simlaumu sana, maana wepesi ndio uliokuwa kazi yenyewe.

Ufupi ulikuja baadaye. Miaka ya 1880 wachezaji wa Kiitaliano walitaka ufundi wa miguu yao uonekane, na Virginia Zucchi alizua gumzo St. Petersburg, Urusi, kwa kung'ang'ania sketi fupi. Ile bapa inayotanda kiunoni ni ya karne ya 20.