Klabu ndogo kwenye Football Manager: kagua mishahara kabla ya wachezaji

Mtu akiniuliza aanze na timu gani kwenye Football Manager, gemu la kompyuta la kuwa kocha na meneja wa klabu, namtuma National League North, daraja la sita Uingereza. Pamoja na mwenzake wa South, huko ndiko chini kabisa unakoweza kufundisha kwa Waingereza bila kupakua faili la ziada. Washkaji wengi hapa Mwanza wanataka Pamba Jiji, na ninawaelewa: bingwa wa nchi 1990, akapotea miaka na miaka, akarudi Ligi Kuu 2024. Ila ligi yetu huwezi kuicheza kwenye gemu kama linavyouzwa. Mpaka upate faili la mashabiki, nalo namba zake nyingi ni za kukisia.

Mimi nilijichukulia Darlington, klabu ya daraja hilohilo la sita. Soma historia yake kabla hujagusa usajili. Ikiwa daraja la nne ilihamia uwanja wa watu 25,000, uliofunguliwa 2003, kwa mashabiki wasiojaza hata robo yake. Klabu ikafilisika zaidi ya mara moja, na 2012 ikaanza upya daraja la tisa, safari hii mikononi mwa mashabiki wenyewe. Sasa inachezea kwenye uwanja wa klabu ya raga. Gemu halitakujengea uwanja wa namna hiyo kwa nguvu, lakini litakuachia ufilisi uleule uupate kwa njia ya mishahara.

Bodi inakupa mafungu mawili: la usajili na la mishahara ya wiki. Kwa daraja hilo la usajili huwa sifuri au karibu na hapo, kwa hiyo sahau kununua. Timu yako yote imo kwenye fungu la pili, na usilimalize. Acha kiasi hadi Januari, maana kipa lazima aumie na beki wako bora lazima afuatwe na klabu kubwa. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba hamalizi mtaji kwenye boti ya kwanza.

Kazi yenyewe iko kwenye mkataba, ambako wengi hubonyeza kukubali haraka haraka. Chukua mshambuliaji wa miaka 33, mchezaji huru, bado ana mwili wa kuruka. Ajenti wake atataka miaka miwili, nyongeza kila mwaka, na mshahara upande timu ikipanda daraja. Mpe mwaka mmoja. Ile nyongeza ya kila mwaka iondoe, ya kupanda daraja iondoe pia, kisha muongezee posho ya mechi na ya bao. Akikaa benchi hakugharimu kitu kikubwa, akifunga amejilipa. Kwa kinda fanya kinyume: mkataba mrefu, na ukimuuza dai asilimia ya mauzo yake yajayo. Asilimia hiyo inaweza kukulipa miaka mitano baadaye, umeshamsahau hata jina.

Mikopo nayo ni neema. Klabu za juu zina vijana wa miaka 19 wanaotafuta dakika tu, na nyingi hazikudai hata senti ya mshahara. Angalia tu kikomo cha wa mkopo siku ya mechi, usije ukajaza saba halafu wawili wakawa watazamaji. Ukiona bodi inasikiliza, omba klabu mama, yaani klabu kubwa ya kushirikiana nayo. Utapata vijana wake kila msimu bila kubembeleza.

Uwanjani sina maneno mengi. Namba za uwezo wa mchezaji zinakwenda 1 hadi 20, na huku chini winga mwenye kasi ya 14 ni balaa. Tafuta kasi mbele, urefu wa kuruka nyuma, na mtu mmoja wa kupiga kona vizuri. Pasi fupi fupi za kutoka kwa kipa waachie wenye viwanja vizuri. Najua vijana wa vibanda vya gemu watanicheka kwa hilo, lakini wao wanacheza na Manchester City.

Usijiue kutafuta ubingwa msimu wa kwanza. Anayeshika nafasi ya kwanza anapanda moja kwa moja, lakini wa pili hadi wa saba wanaingia mchujo, naye mmoja anapanda. Ukiwa wa sita mwezi wa nne, wachezaji wazima, uko pazuri.

Makinda wapya hutokea mwezi wa tatu. Kabla ya hapo badilisha mkuu wa vijana, maana tabia yake huwaambukiza wanaokuja. Mvivu atakuletea wavivu. Mimi namchagua kwa moyo wa kupambana kwanza, ujuzi baadaye.

Kisha kuna Kombe la FA. Timu za daraja letu huanzia raundi ya pili ya mchujo. Shinda tatu tu, uko raundi ya kwanza yenyewe, ambako wa League One na League Two, daraja la tatu na la nne, wanaingia. Fedha za hapo, hasa mechi ikionyeshwa kwenye televisheni, zinaweza kuzidi mapato ya miezi kadhaa ya mlangoni. Siku hiyohiyo, bodi ikiwa bado inacheka, ingia ofisini uombe uboreshaji wa akademi. Ukisubiri wiki mbili ukafungwa mfululizo, watakukatalia. Na sevu kabla ya kuingia, umeme wetu unaujua.