Maswali na majibu: Umezoea majedwali, sasa umekutana na objekti

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa aina moja. SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata za majedwali, wanaijua barabara, wamejenga mifumo ya maduka, shule na SACCOS, kisha wamekutana na kazi au somo linalowataka wapange data kwa objekti (kitu kinachobeba data zake pamoja na tabia zake), na wanajiona kama wamerudishwa darasa la kwanza. Ili tusitangetange, mifano mingi nitaitoa kwenye SACCOS moja ya kubuni, yenye wanachama, mikopo, na wanachama wanaodhamini mikopo ya wenzao.

Mwalimu, nilifundishwa nianze na majedwali, nitafute funguo, kisha ninomalaizi (niigawanye data ili isijirudie) hadi hatua ya tatu. Kwenye objekti naanzia wapi? (Msomaji, Morogoro)

Anzia mlangoni. Jedwali halijali umeingia upande gani. Ukitaka mikopo ya mwanachama fulani, sawa. Ukitaka wanachama wote wenye mikopo iliyochelewa, sawa vilevile, ni kuandika hoja nyingine tu, yaani swali jingine kwa hifadhidata. Hilo halikutokea kwa bahati. Edgar Codd, alipochapisha makala yake ya 1970 akiwa IBM, alikuwa anapigana na mifumo ya wakati huo iliyopangwa kama mti au mtandao, ambamo programu ililazimika kujua njia ya kupita ili ifike kwenye data. Akaivunja hiyo njia.

Objekti zinairudisha. Mkopo unashika vielekezi (anwani za kufikia objekti nyingine) vya dhamana zake, kila dhamana inashika kielekezi cha mdhamini, nawe unatembea kutoka kimoja hadi kingine. Simu ya mdhamini wa kwanza unaipata kwa kuandika `mkopo.dhamana[0].mdhamini.simu`, na umemaliza. Hakuna kuunganisha majedwali matatu. Ila kama hukuweka njia ya kurudi, kutoka kwa mdhamini kwenda kwenye mikopo aliyoidhamini, utakwama siku meneja atakapouliza, "Huyu mzee amewadhamini watu wangapi?" Itabidi upekue mikopo yote, mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo kabla hujachora klasi (kiolezo cha objekti za aina moja) hata moja, kaa na karani wa mikopo nusu siku. Anafungua faili la nani kwanza? Akishalifungua, anauliza nini? Maswali anayouliza kila siku ndiyo njia zako. Yale ya mara moja kwa mwaka, ya mkaguzi, yaandike pembeni, maana hayo ndiyo yatakayokutesa.

Jedwali la katikati nalo lisikusumbue. Kwenye SQL ulikuwa na jedwali la wadhamini lenye namba ya mkopo na namba ya mwanachama. Kama lina funguo hizo mbili tu, kwenye objekti linayeyuka na kuwa orodha ndani ya mkopo. Kama lina chake, mfano kiasi alichodhamini na tarehe aliyotia sahihi, basi lilikuwa kitu kamili tangu mwanzo nawe hukulipa jina. Liite Dhamana, liwe klasi. Na hapa ndipo watu wa majedwali wanapopigwa chenga: rekodi moja ya jedwali la katikati ilikuwa inahudumia pande zote mbili, lakini objekti ya Dhamana lazima iandikwe kwenye orodha ya mkopo *na* kwenye orodha ya mdhamini. Ukisahau upande mmoja, hifadhidata nyingi hazitakukemea. Usiruhusu mtu yeyote aguse orodha hizo moja kwa moja. Weka njia moja tu, tuseme `mkopo.ongeza_dhamana()`, inayoandika pande zote mbili kwa mkupuo.

Objekti ina utambulisho wake yenyewe. Je, ufunguo wa msingi, ile safu inayotambulisha kila rekodi, nautupa? (Msomaji, Kisumu)

Fikiria Kurwa na Doto. Tarehe ya kuzaliwa moja, wazazi walewale, nyumba moja, pengine hata simu wanachangia. Kwenye jedwali lisilo na ufunguo, ukisahau safu ya jina, ni rekodi mbili zisizotofautika. Kwenye hifadhidata ya objekti ni wawili siku zote, kwa sababu kila objekti inapewa kitambulisho chake cha ndani ambacho hakitokani na thamani iliyobeba. Doto akibadilisha jina, simu na makazi, bado ni yuleyule, na kila aliyemshikia kielekezi anamwona na jina jipya.

Lakini kitambulisho hicho ni cha mashine. Hakiandikwi kwenye kadi ya mwanachama wala hakisomwi dirishani. Namba ya uanachama ibaki, na wewe mwenyewe uhakikishe haijirudii, kwa sababu kizuizi kilichokuwa kinakulinda kwenye SQL huenda hapa hakipo. Nimeona mifumo ambamo mtu mmoja amesajiliwa mara tatu, kila mara kama objekti mpya kabisa, na mashine haina la kusema: kwake hao ni watu watatu.

Urithi, yaani klasi kuchukua sifa za klasi nyingine, unanivutia. Niweke klasi ya Mtu, kisha Mwanachama, Mfanyakazi na Mdhamini zirithi humo? (Msomaji, Dodoma)

Taratibu, ndugu yangu. Mfanyakazi wa SACCOS akijiunga kuwa mwanachama utamfanyaje? Objekti ikishazaliwa Mfanyakazi haigeuki Mwanachama kirahisi. Utaunda ya pili, na hapo umeshaharibu ule utambulisho tuliousifia hapo juu.

Mfano mzuri uko karibu nasi. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza 2004 na ambao Eldoret ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya kwanza, umeandikwa kwa Java na unahifadhi data kwenye majedwali kupitia Hibernate, chombo kinachotafsiri kati ya objekti na majedwali. Humo klasi ya mgonjwa inarithi klasi ya mtu. Ukifungua majedwali utakuta `person` na `patient`, na `patient_id` ni namba ileile ya `person_id`; mgonjwa amegawanywa nusu huku, nusu kule, na Hibernate inamuunganisha kila anapoitwa. Sasa tazama mtumiaji wa mfumo na mtoa huduma. Hao hawarithi mtu. Jedwali la `users` na la `provider` yana safu ya `person_id` tu, yaani kila mmoja *ana* mtu wake. Hivyo nesi akiugua hakuna tatizo: mtu ni mmoja, rekodi yake ya utoaji huduma inamwelekea, na rekodi yake ya ugonjwa imejengwa juu yake.

Kipimo changu ni cha kizamani. Ukiweza kusema "ameacha kuwa" na sentensi ikaleta maana, hiyo ni nafasi, na nafasi haistahili urithi. Mtu huacha kuwa mfanyakazi, huacha kuwa mdhamini. Mkopo wa dharura hauachi kuwa mkopo wa dharura ukageuka wa maendeleo. Huo unaweza kurithi Mkopo bila wasiwasi.

Kazini tunatumia Django, ya kujengea tovuti kwa Python, na hifadhidata ya PostgreSQL. Je, hiyo tayari ni hifadhidata ya objekti? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Hiyo ni hifadhidata ya majedwali iliyovaa kanzu ya objekti. Na nikuambie ukweli, wengi wenu mtaishia hapo, wala si vibaya. Tatizo ni pale unaposahau kilichopo chini ya kanzu.

Chukua ukurasa unaoorodhesha mikopo 40 na jina la mkopaji kando ya kila mmoja. Unaandika kitanzi, ndani yake `mkopo.mwanachama.jina`. Kinasomeka vizuri mno! Chini kwa chini Django imetuma hoja moja kuleta mikopo, kisha hoja moja kwa kila mkopo kumleta mwanachama. Jumla 41. Seva ya hifadhidata ikiwa mbali na kila safari ikachukua milisekunde 50, umesubiri zaidi ya sekunde mbili kwa kazi ambayo joini moja (kuunganisha majedwali ndani ya hoja moja) ingeimaliza mara moja. Dawa ni `select_related('mwanachama')`, na ukiwa unatoka upande wa mmoja kwenda kwa wengi, `prefetch_related`. Washa kumbukumbu ya hoja za SQL unapojenga, uzisome kwa macho yako. Hapo ndipo SQL uliyoihangaikia miaka yote inakulipa.

Kama objekti ni nzuri hivyo, mbona hazikushinda? (Msomaji, Kampala)

Zilijaribu. Mwaka 1989 watafiti sita, Atkinson, Bancilhon, DeWitt, Dittrich, Maier na Zdonik, walitoa ilani ya sifa ambazo hifadhidata ya objekti lazima iwe nazo. Miaka hiyo zilichipuka bidhaa na kampuni: GemStone, ObjectStore, Versant, O2 ya Ufaransa, Objectivity. Kundi la ODMG, la watengenezaji wa hifadhidata hizo, likatoa kiwango cha pamoja mwaka 1993, toleo la tatu likatoka 2000, na mwaka uliofuata kundi likavunjwa. Maabara ya SLAC kule California ilihifadhi mamia ya terabaiti za jaribio la fizikia la BaBar ndani ya Objectivity, kisha ikahamia kwenye mafaili ya ROOT, programu ya wanafizikia ya kuchambua data.

Mimi lawama naziweka mahali pawili. Kwanza ni yule mkaguzi wa mwisho wa mwaka: swali lisilotabiriwa ndilo SQL inalolimudu kuliko yeyote. Pili, data ilifungwa na lugha moja ya programu, wakati data huishi kuliko programu iliyoizaa. Wakati huohuo watu wa majedwali hawakulala. SQL:1999, toleo la mwaka huo la kiwango cha SQL, ilibeba aina za kujitengenezea na vielekezi, ikachukua kilichohitajika, maisha yakaendelea.

MongoDB nayo je? (Msomaji, Bujumbura)

Binamu, si ndugu wa tumbo moja. Inahifadhi nyaraka, si objekti zenye tabia. Ila swali lake kubwa, hiki nikiweke ndani au nikielekeze nje, ni lilelile. Marejesho ya mkopo weka ndani ya mkopo, kwa sababu hayana maisha nje yake. Mdhamini mwelekeze nje.

Nataka kuonja hifadhidata halisi ya objekti bila kununua chochote. Nitumie ipi, na nijihadhari na nini? (Msomaji, Arusha)

ZODB, ya Python. Ni huria, inaingia kwa `pip install ZODB`, na Plone imejengwa juu yake. Klasi yako inarithi `Persistent`, unatundika objekti yake kwenye mzizi (objekti ya kuanzia), unakamilisha muamala ili mabadiliko yahifadhiwe, basi. Chochote kinachofikika kutoka kwenye mzizi kinaishi. Kisichofikika hufagiliwa unapoisafisha.

Kuhusu tahadhari, nikupe iliyonigharimu. Nilimjengea rafiki yangu fundi cherehani mfumo mdogo wa oda. Kila Oda ilikuwa na `self.malipo = []`, na mteja akileta pesa tunaongeza kwenye orodha. Ulikwenda vizuri wiki nzima. Siku umeme ulipokatika na kompyuta ikawaka upya, nusu ya malipo hayakuwepo. Kilichonichanganya ni kwamba oda zilizokwisha kushonwa zilikuwa na malipo yake yote. Zilizokuwa bado kwenye cherehani zilibaki na malipo ya kwanza tu.

Nilikuja kugundua usiku. ZODB hujua objekti imebadilika pale unapoweka thamani mpya kwenye sifa yake. Ukiongeza kitu ndani ya orodha ya kawaida ya Python, sifa yenyewe haijaguswa, kwa hiyo haina habari na haiandiki kitu. Kwenye skrini kila kitu kinaonekana sawa, kwa kuwa unaangalia nakala iliyoko kwenye kumbukumbu ya mashine. Oda zilizokamilika zilipona kwa sababu fundi alipobonyeza "tayari" niliandika `self.hali`, objekti nzima ikahifadhiwa pamoja na orodha yake. Tumia `PersistentList` badala ya orodha ya kawaida, na mambo yakiwa maelfu tumia BTrees, muundo wake wa kuhifadhi vitu vingi.

La pili: usibadilishe jina la klasi au faili lake ukadhani ni usafi wa msimbo tu. Kila objekti imehifadhiwa na jina la moduli na klasi iliyoizaa. Ukiita Oda "OdaYaNguo" bila kuacha jina la zamani mahali pake, za jana hazitafunguka. Ukitaka kujaribu, nakili kwanza `Data.fs` pembeni.