Presha yako inatakiwa iwe ngapi? Usitoke kwa daktari hujauliza

Miaka mitatu baada ya kupata mshtuko wa moyo, nilikuwa nikipima 138 kwa 86 naondoka nimeridhika. Si mpaka ni 140 kwa 90? Kumbe mpaka huo haukuwa wangu.

Daktari mpya alilipekua daftari langu la vipimo, akaweka kalamu chini. "Moyo wako umeshaumia mara moja. Namba ya juu naitaka chini ya 130." Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema hivyo hivyo kwa wenye ugonjwa wa moyo na mishipa, na unapendekeza hivyo pia kwa walio hatarini zaidi, wakiwemo wenye kisukari au figo mbovu.

Nikauliza, mbona wengine wanatajiwa 120? Akanieleza utafiti wa SPRINT uliotolewa Marekani mwaka 2015: watu zaidi ya 9,300, wote wana hatari kubwa ya moyo. Waliolengwa kushushwa chini ya 120 walipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa pungufu kwa robo hivi kuliko waliolengwa chini ya 140, na vifo vikapungua pia. Lakini walizimia zaidi, na figo zikasumbua zaidi. Wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi hawakuwemo, kwa hiyo usijipangie 120 kwa sababu jirani kaambiwa.

Halafu upimaji wenyewe. Kwenye utafiti ule watu walipumzishwa dakika tano kwanza, mashine ikapima mara tatu. Mimi nilikuwa nafika natweta, mkanda unafungwa juu ya sweta, huku naongea. Siku moja nilisoma 149. Nikavua sweta, nikaegemea kiti, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, kimya. Baada ya dakika tano: 133. Ningeongezewa dawa bure!

Dozi ilipoongezwa kweli, asubuhi nikawa nikiinuka kitandani naona giza. Tafadhali, hapo usiache dawa kimyakimya, nenda ukaseme. Mimi nilipimwa nimekaa, kisha nimesimama, wakaangalia damu kuona figo na potasiamu, wakapunguza dawa ya kukojosha. Sasa nacheza kati ya 124 na 129, na nikiamka nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama.