Binti yangu anaonewa shuleni

Swali: Binti yangu wa miaka 11 hulalamikia tumbo kila asubuhi ya shule, na juzi alikiri kwamba wenzake watatu humtenga, humwita majina mabaya na kumfichia madaftari. Ameniomba nisimwambie mwalimu. Nifanyeje?

Jibu: Mzazi mpendwa, usimwahidi kunyamaza, bali mwahidi kwamba hutachukua hatua yoyote kabla ya kumweleza, kwa kuwa watoto wengi wa umri huu huogopa kwamba mzazi akiingilia kati, mateso yatazidi. Msikilize hadi mwisho bila kumuuliza aliwachokoza vipi. Andika tarehe, mahali na waliokuwapo, kisha mwone mwalimu wa darasa faraghani, mkubaliane ni nani atakayewaangalia watoto wakati wa mapumziko na lini mtakutana tena. Ushauri kwamba ajibu mapigo, ambao ndugu hupenda mno kuutoa, humweka hatarini, maana uonevu, kama alivyoueleza mwanasaikolojia Dan Olweus, ni tendo linalorudiwa pale ambapo nguvu hazilingani. Kwa sababu hiyohiyo, usikubali haraka apatanishwe nao ana kwa ana. Tumbo nalo likaguliwe na daktari, kwani hofu haizuii ugonjwa mwingine kuwapo.